Hukumu ya Mlango Uliotoka Embu

 

Ndugu zetu wasomaji, katika darasa yetu ya usiku wa Ijumaa tulikuwa tukisoma mlango wa ghasbu, yaani hukumu za mali iliyotwaliwa kwa nguvu. Tulipokwisha, alisimama kijana mmoja wa hapa hapa mjini akauliza suali lililotunyamazisha sote. Alisema kwamba marehemu baba yake, siku chache kabla ya kufariki, alimwita akamwonyesha mlango wa chumba cha uani, akamwambia: "Mlango huu na mabati yaliyo juu yake si yetu. Babu yako aliyanunua Embu wakati wa Emajensi, kwa mtu asiyekuwa mwenyewe." Babu huyo alikuwa na duka katika Majengo ya Embu, kama walivyokuwa na maduka na vyumba vyao Waswahili wengi waliofuata maboma ya serikali tangu lile la Embu lilipowekwa mwaka 1906 na lile la Meru mwaka 1908. Basi kijana akauliza: "Nyumba nimeirithi. Mlango nifanye nini nao?"

Kabla hatujafungua kinywa, mmoja katika waliokuwapo, mtu mzima mwenye heshima zake, asli yake Lamu, akacheka akasema: "Sheikh, watu wa bara wametwaa Mpeketoni nzima, nasi tukeshe kwa ajili ya mlango mmoja?" Wakacheka na wengine.

Twakiri kwamba neno lile liliwaingia watu, wala hatukumjibu usiku ule. Tuliona kwamba wengi wetu, na sisi tunaoandika tukiwamo, tulikuwa hatuyajui sawasawa yaliyowapata watu wa Embu na Meru. Twawajua kwa miraa yao, kwa maduka yao ya jumla na kwa maafisa wa serikali wanaoletwa kwetu. Walikotoka hatukuuliza. Basi tukamwambia kijana asubiri, tukaenda kusoma na kuuliza, kisha tukasafiri naye. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Hali ya Hatari ilitangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952, kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Hatusemi kwamba waliokuwa msituni walikuwa malaika. Wao nao waliwaua watu wa kabila lao waliokataa kiapo, wake kwa watoto, na khabari ya Lari ya Machi 1953 yajulikana. Lakini serikali haikumtafuta mwenye kosa peke yake. Iliwatia Wakikuyu, Waembu na Wameru katika fungu moja, na kila aliyezaliwa katika fungu hilo akawa mshukiwa mpaka athibitishe kuwa si mmoja wao. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Watu wa makabila hayo matatu wakatolewa majumbani na makazini wakachujwa mmoja mmoja. Wanaume wapatao 20,000 wakatiwa kizuizini bila ya kuhukumiwa na kadhi wala hakimu, na wake na watoto wakapakiwa wakarudishwa kulikoitwa kwao, ingawa wengi katika watoto wale hawakuwahi kukuona. Vyumba walivyoviacha vikapangishwa watu wengine, na kazi zao vivyo hivyo. Mji ule ukabadilika watu wake katika muda wa majuma machache.

Na mtu asiseme kwamba hayo yalikuwa mambo ya bara. Kambi walizopelekwa zilikuwa Manyani na Mackinnon Road, ambapo sisi sote twapita tuendapo Nairobi. Wengine waliwekwa Takwa, katika kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya mji wa Lamu. Wengine walipelekwa Hola, kwenye Mto Tana, na huko ndiko walikopigwa watu 11 mpaka wakafa, tarehe 3 Machi 1959. Wazee wetu waliwaona wakishushwa katika magari ya moshi. Tumewauliza wazee wawili watatu walikuwa wakisemaje wakati ule. Mmoja alitwambia: "Tulisema yatawapata wao." Tulimshukuru kwa ukweli wake.

Sasa tuje kwenye mlango wetu. Watu wa Embu na Meru hawakuwa watu wa vijiji. Nchi yao ni matuta yanayoteremka kutoka Mlima Kenya, na mito baina ya tuta na tuta, na kila mtu alikaa katika boma lake juu ya shamba lake, pamoja na migomba yake, ghala yake na mbuzi wake, na majirani zake walikuwa watu wa ukoo wake. Mwezi wa Juni 1954 Baraza la Vita la serikali likakata shauri kwamba watu wote wakusanywe katika vijiji vya kulindwa. Mpaka mwisho wa 1955, watu zaidi ya 1,000,000 walikuwa wamekwisha kutiwa katika vijiji zaidi ya 800, wengi wao Wakikuyu na Waembu, na Wameru katika baadhi ya sehemu zao. Mtu huambiwa avunje nyumba yake, na asiyevunja kwa wakati huchomewa. Kisha hupelekwa mahali palipopimwa kwa kamba akajenge kibanda katika safu, ubavuni mwa mtu asiyemjua, ndani ya uzio na handaki, chini ya ngome ya walinzi. Humo watu walitoka kwa saa walizopewa na kurudi kwa saa walizopewa. Na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kambini au msituni au wamekufa, vijiji vile vilikuwa vya wanawake, watoto na wazee, na wanawake hao ndio waliochimbishwa handaki refu lililopita ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya, lililotiwa vigingi vilivyochongwa, ili waume zao na ndugu zao wasipate kushuka kutafuta chakula.

Hapo ndipo mabati na milango ilipopatikana kwa bei rahisi. Nyumba nyingi zilikuwa za nyasi, na hizo ziliteketea. Lakini mwalimu, au mwenye duka, au fundi, alikuwa na bati na mlango wa mbao, na mlinzi aliyesimamia kuvunja aliona hasara kuvichoma.

Tulisafiri na kijana wetu baada ya kupata maelezo ya nduguze baba yake, waliosema kwamba babu yao alikuwa akitaja upande wa Runyenjes. Tulipita Manyani tukasoma Fatiha kwa jamaa zake mwenyewe kijana waliofariki, kwani hatukujua tuwasomee nini wale wengine, nasi twaungama kwamba jambo hilo lilitukaa moyoni njia nzima. Baada ya Makutano, njia ya Embu hushuka katika uwanda wa Mwea, na pande zote mbili ni majaruba ya mpunga. Huu ndio mchele wa pishori ambao wake zetu huutafuta kwa pilau ya Idi. Wakati ule Mwea ilihesabiwa katika wilaya ya Embu, na mifereji yake ya kwanza ilichimbwa tangu 1954 kwa mikono ya waliozuiliwa. Kambi za Mwea ndizo ambazo mwaka 1957 ilitiwa kazini ile njia ya kuwavunja watu kidogo kidogo, wachache wakichanganywa na waliokwisha kusalimu amri, na kipigo kikiwangoja tangu mlangoni. Baadae walikaribishwa humo watu wasio na ardhi wawe wakulima, lakini si wenyewe. Kila mmoja alikaa kwa ruhusa ya wasimamizi, na aliyekiuka sharti la kilimo aliweza kutolewa. Walivumilia hivyo mpaka mwaka 1998 walipokataa kuwauzia mpunga wasimamizi wao.

Kutoka Embu tulikwenda kwanza mpaka Meru, kwa kuwa ndugu zetu wa Majengo ya huko walikuwa wametualika kusali nao Ijumaa. Njia yapita Chuka. Hapo, mwezi wa Juni 1953, askari wa King's African Rifles waliwaua watu wapatao 20, na waliouawa hawakuwa wa msituni. Wengi walikuwa katika walinzi wa serikali hiyo hiyo. Afisa wao alifungwa kwa ukatili mwingine alioufanya wakati ule, lakini kwa mauaji yale ya Chuka hakushtakiwa mtu. Twataja hili kwa sababu kuna wanaosema kwamba aliyekuwa upande wa serikali alisalimika. La, hasha.

Majengo ya Meru tulipokewa kwa wema mkubwa. Lakini tulipowaeleza khabari ya mlango, mzee mmoja wa msikiti alitikisa kichwa akasema kwamba mwenyewe twaweza tukamwona, lakini tusitaraji kumwona mahali pake. Akatueleza kwa nini, na maneno yake yameafikiana na tuliyoyasoma.

Watu walipokuwa vijijini na kambini, serikali ilianza kuikusanya ardhi upya, kwa kufuata mpango wa Swynnerton wa 1954. Vipande vya mtu vilivyotawanyika huunganishwa vikawa shamba moja, na shamba likaandikwa kwa jina lake. Jambo lenyewe lina faida, hatukatai. Mashamba ya Embu leo ni mazuri kuyatazama, yenye chai na kahawa. Lakini nani alisimama mbele ya kamati ya wazee kumtetea aliye Manyani? Aliyekuwapo aliandikwa, na asiyekuwapo aliandikiwa na mwingine, kwa kadiri ya uaminifu wa mwingine huyo. Mashtaka ya ardhi katika mahakama za Waafrika yalisimamishwa kwa sheria, na sheria ya 1959 ikafanya uandikishaji wa kwanza usiweze kuguswa, hata ukiwa umepatikana kwa hila. Kule Meru, khasa Tigania na Igembe, kazi hiyo ilianza baadae na ikaburura kwa miongo mingi, na ugomvi wake hadi leo haujakwisha. Na yule aliyekuwa akilima kwa hisani ya mwenye ardhi, pamoja na mjane asiyekuwa na mtoto wa kiume, hawakuandikwa popote. Watu walipofunguliwa, mwenye shamba alirudi shambani; hawa walibaki kijijini, katika kipande cha kibanda, na wajukuu wao wangaliko.

Msomaji wa pwani hahitaji kufasiriwa hayo. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilitutendea vivyo hivyo: aliyejua kudai kwa wakati alipewa hati, na asiyejua ardhi yake ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Watoto wa watu waliozaliwa juu ya ardhi ile wanaitwa maskwota mpaka leo.

Huko Runyenjes tulipelekwa kwa mama mmoja mkongwe, aliyekuwa msichana wa kama miaka kumi na mitano walipohamishwa. Kijana wetu alimwamkia "Shikamoo, nyanya," akaketi chini karibu na miguu yake, akamweleza yote pasi na kuficha kitu. Yule mama alisikiliza. Kisha akauliza: "Babu yako alilipa pesa ngapi?" Kijana akasema hajui. Akasema: "Ukijua utakuja uniambie. Nataka kujua tulikuwa bei gani."

Hakusema kwa hasira. Akaendelea kutuhesabia kwa vidole watu wa tuta lile waliokuwa na milango ya mbao, nao walikuwa wanne. Mmoja alikuwa mwalimu, alichukuliwa asirudi. Mmoja alirudi akakuta shamba lake limeandikwa jina la binamu yake, akaondoka, na hakuna ajuaye alikokwenda. Wawili wengine nyumba zao zilichomwa pamoja na milango, aliona kwa macho yake. Tulimwuliza jamaa wa wale wawili wa mwanzo. Akatwambia kwamba tuta lile lilipovunjwa watu wake waligawanywa katika vijiji viwili, na waliporudi hawakurudi kama walivyoondoka, na wale waliokuwa wakijua nani ni jirani ya nani wamekwisha kufa.

Sasa hukumu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mali iliyotwaliwa kwa ghasbu haimtoki mwenyewe, na kila mkono unaoipokea baada ya yule mporaji ni mkono wenye dhamana, ajue asijue. Asiyejua hana dhambi, lakini mali si yake. Kupita kwa miaka hakuhalalishi, wala daftari la serikali halihalalishi, wala mirathi haihalalishi, kwani deni hutolewa kabla ya urithi kugawanywa. Mtume wetu ametuonya kwamba anayedhulumu ardhi hata kiasi cha shibiri atavishwa shingoni Siku ya Kiyama ardhi hiyo kwa tabaka zake saba. Na hakusema ardhi ya Mwislamu. Mwenyewe akijulikana hurudishiwa, au warithi wake. Asipojulikana hutafutwa. Akikosekana kabisa, kitu chenyewe au kima chake hutolewa sadaka kwa niaba yake, na siku akitokea yeye au mrithi wake, ana khiari: akubali thawabu iwe yake, au alipwe haki yake. Hayo ndiyo tuliyomwambia kijana, na ameyakubali.

Limebaki neno la ndugu yetu wa Lamu, nasi tunalijibu mbele ya watu kwa kuwa alilisema mbele ya watu. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1970 serikali iliwapa watu wa bara mashamba Mpeketoni, katika ule mpango wa Ziwa Kenyatta, na watu wa Lamu wenyewe wengi hawana hati mpaka sasa. Ni kweli pia kwamba Wabajuni waliokimbizwa vijijini mwao pwani ya Kiunga katika vita vya shifta vya miaka ya 1960 wengi hawakurudishwa. Hayo ni madai ya haki, na yadaiwe. Lakini tazama, ndugu yetu, jinsi mambo yalivyokwenda. Mtu wa bara alinyang'anywa ardhi na mkoloni, kisha ikaandikwa kwa jina la mwingine. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, serikali mpya haikumrudishia ile aliyonyang'anywa. Ilimtafutia ya mtu mwingine. Na miaka mitatu baadae serikali hiyo hiyo, iliyokuwa na viongozi waliotoka vizuizini, iliwakusanya Waborana wa Isiolo na Wasomali katika vijiji vya uzio, wakihesabiwa asubuhi na jioni, na ngamia wao wakipigwa risasi. Isiolo ni mlango wa pili wa Meru. Ukisimama juu ya mteremko waiona. Kijiji cha uzio hakikupata kusahauliwa kinavyojengwa; kilibadilishwa watu tu.

Qurani Tukufu yatuamrisha katika Suratul Maida kwamba kuwachukia watu kusitufanye tuache uadilifu. Amri hiyo haikuja kwa ajili ya watu tunaowapenda; hao hatuna haja ya kuamrishwa kuwatendea haki. Na wale waliokwenda Mpeketoni usiku, Juni 2014, wakaua watu zaidi ya 60 huko na katika vijiji vya jirani, wakasema kwamba wanalipiza kwa ajili ya Waislamu na ardhi yao, hawakumrudishia mtu wa Lamu hata shina moja la mnazi. Walizidisha wajane.

Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake, ikakubali kutoa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228 walioteswa wakati wa Emajensi. Ni jambo jema kwa walioishi mpaka wakalipwa. Mashamba, mbuzi, mabati na milango havikutajwa.

Kijana wetu ameung'oa mlango, nao umewekwa katika chumba cha madrasa, hautumiki. Mabati yalikwisha kuoza zamani na kutupwa, na kima chake kimekadiriwa na mafundi wawili waaminifu na kiko mkononi mwa mshika hazina. Tumeazimia kungoja mwaka mmoja kabla ya kutoa sadaka. Mlango ni wa mbao za mvule, mabamba manne, urefu wake futi sita na inchi mbili, na upande wa ndani, chini ya komeo, zimechongwa kwa kisu herufi mbili, J na N, na chini yake mstari mmoja. Msomaji mwenye shemeji, mkwe au mshirika wa biashara upande wa Runyenjes, Kyeni au Chuka, twamwomba aulize kwa wazee. Mwenye khabari yoyote na aje darasani baada ya sala ya Isha, au amwambie imamu wa msikiti wake atufikishie.